Usome chanzo chenyewe au kitabu cha mwanahistoria? Ulinganisho kwa anayeanza historia ya kale akiwa Dar

Swali hili huletwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa HGL au HGK, ambaye tangu kidato cha kwanza amekariri orodha ya vyanzo vya historia (masimulizi, akiolojia, maandishi, isimu) bila kuwekewa hata kimoja mezani. Wa pili ni mtu mzima mwenye kazi zake mjini. Amechoshwa na video za YouTube zenye muziki wa kutisha na piramidi zinazozunguka, anataka kujua mwenyewe dunia ilikuwaje kabla Mreno hajatia nanga pwani. Wote wawili wanauliza kitu kimoja: nianze na maandishi ya wakati ule, au na vitabu vya wanahistoria?

Kwa asiye na muda wa kufika mwisho, jibu langu ni hili. Kama shabaha yako ni pwani yetu kabla ya mwaka 1500, anza na vyanzo vya msingi. Kama ni Misri, Mesopotamia, Ugiriki, Roma au China, anza na vyanzo vya upili. Kinachoamua ni kiasi kilichobaki. Palipobaki kidogo unaweza kukisoma chote mwenyewe ukapima. Palipobaki kingi mno, usipopata wa kukuchambulia utaokota kibao kimoja kati ya laki kadhaa na kudhani umeiona Babeli yote.

Najua walimu wengi hawatakubaliana nami. Desturi ya darasani ni kitabu kwanza, chanzo baadaye, na hiyo baadaye kwa kawaida haifiki.

Tuelewane kwanza. Chanzo cha msingi ni kitu kilichotoka katika wakati unaousoma, au kwa mtu aliyeuishi: barua, kibao cha udongo, sarafu, kaburi, simulizi la msafiri. Chanzo cha upili ni kazi ya aliyekuja baadaye, akavikusanya hivyo, akavilinganisha, akatoa hukumu. Vipo vinavyokaa katikati na kusumbua, na Kilwa itatuletea kimoja.

Azania: kurasa mbili tu

Maandishi ya zamani kabisa yanayoieleza pwani hii kwa mapana ni mwongozo wa safari za bahari ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza, uitwao Periplus wa Bahari ya Eritrea. Jina la mwandishi halijulikani. Anavyoandika, ni mtu wa biashara, mwenye jicho la bei na ubora. Sehemu inayohusu Azania, jina analoiita pwani yetu, ni sura ya 15 hadi ya 18, nazo ni fupi kiasi kwamba zikichapwa hazizidi kurasa mbili. Ongeza yale machache ya Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya pili, na umemaliza karibu kila kilichoandikwa enzi hizo kuhusu Rhapta, mji wa soko wa pwani hii. Sehemu nzima inasomeka ndani ya daladala kutoka Mbezi mpaka Kivukoni, na foleni ikiwa ya kawaida utairudia.

Sasa tazama kilichomo. Kitabu cha shule kitakwambia kulikuwa na biashara kati ya pwani na nchi za Mashariki ya Kati, kisha kitaorodhesha bidhaa. Periplus anakwambia kwamba mikuki iliyoletwa ilitengenezwa Muza, bandari ya Yemen, kwa ajili ya soko hili. Ilikuja pamoja na mashoka, visu, vyuma vya kutobolea na vyombo vya kioo. Anaongeza kwamba sehemu nyingine walileta divai kidogo na ngano, nazo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kutafuta urafiki wa wenyeji. Kilichoondoka ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya ng'amba. Anasema pembe za huku ni hafifu kuliko za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, lakini magamba ya hapa ni bora kuliko yote baada ya yale ya India.

Hiyo ngano ya kutafutia urafiki ndiyo inayonivutia. Ndani yake mna mizani ya nguvu: mgeni anajua hawezi kufanya biashara bila ridhaa ya mwenye pwani, anakuja na takrima. Muhtasari wa kitabu huwa unaitupa, kwa sababu haingii kwenye orodha ya bidhaa za kuuza wala za kununua.

Yapo mengine. Manahodha Waarabu waliotumwa huku waliifahamu pwani yote, walioa humu na walielewa lugha ya wenyeji. Katika kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, watu walikuwa na mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na walivua kwa vikapu walivyovitega kwenye milango ya maji. Aliyewahi kuona madema yakitegwa hahitaji profesa wa kumfafanulia sentensi hiyo.

Basi chanzo cha msingi kimeshinda? Ngoja kwanza. Tafsiri ya Kiingereza utakayoipata bure mtandaoni ni ya Schoff, ya mwaka 1912. Humo utasoma kwamba pwani ya Rhapta inakaliwa na watu warefu wenye tabia za uharamia. Tafsiri ya Casson, ya mwaka 1989, mahali hapohapo inasema watu wenye miili mikubwa, wakulima. Maharamia au wakulima! Tatizo ni neno moja lisiloeleweka vizuri katika nakala iliyobaki, na nakala hiyo, iliyohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, ni ya karne ya 10, miaka kama 900 baada ya mwandishi. Mtafsiri mmoja alilirekebisha hivi, mwingine vile. Mwanafunzi anayesoma ile ya 1912 peke yake ataandika insha nzima juu ya maharamia wa Azania akiamini ameshika chanzo cha msingi, kumbe ameshika hukumu ya mtu wa 1912.

Hapa ndipo chanzo cha upili kinapolipa. Kwa Azania ninachopendekeza ni sura ya Abdul Sheriff, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika juzuu la pili la Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO la mwaka 1981. Yeye anaichukua Rhapta na kuiweka ndani ya biashara ya Bahari ya Hindi magharibi yote na mahitaji ya Dola la Roma. Periplus hawezi kukupa hilo, maana mfanyabiashara huona bandari anayoingia na bei ya leo. Isome sura hiyo baada ya zile kurasa mbili. Ukiisoma kabla, utaingia kwa Periplus ukitafuta tu uthibitisho wa ulichoambiwa, na ile ngano utaipita bila kuiona.

Rhapta ilikuwa wapi? Periplus anakupa safari ya siku mbili kutoka Menouthias, basi. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Mlimani ametetea delta ya Rufiji na visiwa vya karibu, wengine wamependekeza sehemu nyingine za pwani, na mji wenyewe haujapatikana kwa ushahidi unaokubaliwa na wote. Kwa swali la mahali, usipoteze muda na chanzo cha msingi. Soma wanaobishana.

Kilwa: anayeona, anayesimuliwa na anayechimba

Ruka karne kumi na mbili. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akashuka hadi Kilwa. Anamsimulia sultani wake, Hassan, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu. Siku ya Ijumaa sultani anatoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen anamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia ndani, anabadilisha, anamwita azichukue. Fakiri anazifunga, anajitwika kichwani na kuondoka, watu wakimsifu sultani. Mtoto wa sultani anazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani naye anaagiza fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Zawadi za huko, anasema, aghalabu ni pembe. Dhahabu hutolewa kwa nadra.

Kila kitabu kitakufundisha kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, na ni kweli. Lakini hapa kuna watu ishirini wanaopita kutoka mkono hadi mkono ndani ya kisa kinachosimuliwa kama sifa ya ukarimu, na msimuliaji hashituki hata kidogo. Ukitaka kujua utumwa ulivyokuwa jambo la kawaida pwani ya karne ya 14, aya hiyo inatosha kuanzia, na inauma kuliko sura nzima ya maelezo.

Halafu angalia upande wa pili. Ibn Battuta aliyasimulia haya akiwa Morocco, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya Kilwa. Aliyeandika ni Ibn Juzayy, mtu wa fasihi wa ikulu, ambaye sehemu nyingine za kitabu hichohicho aliazima maelezo ya Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya 12. Na kuhusu Kilwa kitabu kinasema ni mji mzuri mno, wote umejengwa kwa mbao.

Aliyefika Kilwa Kisiwani hapo atakunja uso. Husuni Kubwa, lile jumba la mawe ya matumbawe lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali, linahusishwa na sultani huyohuyo wa kwenye kisa. Msikiti Mkuu nao ulikuwa na sehemu ya mawe kabla yake. Ibn Battuta alisahau? Mwandishi alikosea? Au alizungumzia nyumba za watu wa kawaida, ambazo zilikuwa za miti na udongo na hazikubaki? Ukiwa na chanzo cha msingi peke yake huna hata habari kwamba kuna swali. Uchimbaji wa Neville Chittick, uliochapishwa kwa juzuu mbili mwaka 1974, ndio ulioweka ramani ya majengo na tarehe zake mezani.

Kile chanzo cha katikati nilichokitaja ni tarihi ya Kilwa. Tunayo kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno ndani ya kazi ya João de Barros iliyotoka mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyopo Maktaba ya Uingereza, London. Zote zinasimulia waasisi waliotoka Shirazi, Uajemi, lakini haziafikiani. Ya Kiarabu ina baba na wanawe sita katika merikebu saba. Ya de Barros ina Ali, mmoja wa ndugu saba, anayedharauliwa na wenzake kwa kuwa mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi, akiondoka na merikebu mbili. Zote ziliandikwa karne ya 16 au zinatokana na maandishi ya wakati huo, wakati uasisi unaosimuliwa ni wa mamia ya miaka kabla. Je, ni chanzo cha msingi? Kwa karne ya 16, ndiyo: kinakuonyesha watawala wa Kilwa walivyotaka kujulikana. Kwa karne ya 10 au ya 12 ni masimulizi ya wajukuu.

Sasa chukua vyanzo vya upili juu ya jambo hilohilo uone vinavyozeeka. Vitabu vya zama za ukoloni viliichukua hadithi ya Shirazi kama ilivyo na kuandika kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, wenyeji wakitazama. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, visiwa vya Lamu, ukaonyesha mji uliokua hapohapo kuanzia karne ya 8, msikiti mdogo juu yake mkubwa, juu yake mwingine. Wengi wakasema Shirazi ni hekaya tu ya kujikweza. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani, wa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Katika wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Upo pia mchango mkubwa wa Asia, sehemu yake kubwa kutoka kwa wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Hadithi haikuwa ya uongo mtupu, na haikuwa vile wakoloni walivyoisoma.

Kwa hiyo kitabu cha upili kina tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukinunua vya mitumba pale Posta fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki. Cha mwaka 1955 juu ya asili ya miji ya pwani kinakufundisha zaidi juu ya 1955. Ibn Battuta hazeeki hivyo. Makosa yake yaleyale ya 1355 yapo, tunachofanya ni kuyafahamu vizuri zaidi.

Misri na Mesopotamia: geuza utaratibu

Hapa ushauri wangu unapinduka, na sababu ni ileile ya wingi. Vibao vya udongo vya Mesopotamia vilivyochimbwa ni laki kadhaa, na sehemu kubwa haijachapishwa wala kutafsiriwa. Vingi ni stakabadhi za shayiri, kondoo na mgawo wa vibarua. Ukianza na kibao kimoja kilichokuvutia utapata burudani, basi.

Kinachopendwa kuliko vyote ni barua ya Nanni kwa Ea-nasir, mwuza shaba wa Uru, ya karibu mwaka 1750 KK, ambayo sasa ipo Makumbusho ya Uingereza. Nanni analalamika kwamba aliahidiwa shaba nzuri, akaletewa mbovu. Mjumbe wake kadharauliwa na kurudishwa mikono mitupu kupitia nchi ya adui. Sasa anasema hatapokea tena mzigo bila kuuchagua mwenyewe uani kwake. Mwenye duka Kariakoo ataielewa mara moja, na hapo ndipo hatari ilipo: ataielewa upesi mno. Hatajua kwamba shaba hiyo ilitoka mbali kwa njia ya Ghuba, wala kwamba ikulu ilikuwa na mkono katika biashara hiyo. Sura moja ya kitabu kizuri ingempa mambo hayo kwanza, na barua ingemfungukia zaidi.

Hammurabi ni mfano mkali zaidi. Mwanafunzi gani hajakariri jicho kwa jicho? Nguzo yenyewe, iliyopatikana Susa mwaka 1901 na sasa ipo Louvre, kwa hesabu ya kawaida ina sheria 282. Soma ya 196 tu na utapata jicho kwa jicho. Teremka hadi ya 198: ukimtoboa jicho mtu wa tabaka la chini unalipa mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha. Ya 199: akiwa mtumwa wa mtu, unalipa nusu ya thamani yake. Chanzo cha msingi kimekukosoa kitabu cha shule, na hilo ni zuri. Lakini sasa utadhani hivyo ndivyo mahakama za Babeli zilivyohukumu. Ni wanahistoria waliopitia kumbukumbu nyingi za kesi za wakati ule ndio wanaokwambia kwamba mahakimu hawana desturi ya kuitaja nguzo hiyo. Huenda ilikuwa tangazo la mfalme kujisifia haki kuliko kitabu cha sheria. Huwezi kuligundua hilo kwa kuikodolea macho nguzo.

Misri vivyo hivyo. Ramesses II alichora ushindi wake wa Kadesh, mji wa Siria ya leo, wa mwaka 1274 KK, kwenye kuta za mahekalu kadhaa, Abu Simbel ikiwemo. Ukisoma kuta hizo tu, mfalme aliwatawanya Wahiti karibu peke yake. Vibao vya Wahiti kutoka Hattusa, mji wao mkuu, vina habari nyingine, na baada ya vita Kadesh ilibaki mikononi mwao. Hata mkataba wa amani wa karibu 1259 KK tunao kwa pande zote mbili, na kila upande unaeleza mambo kana kwamba mwenzake ndiye aliyekuja kuomba amani. Mambo kama haya yananifurahisha kuliko hesabu yoyote ya nasaba za mafarao. Lakini bila mwanahistoria wa kukuwekea kibao na ukuta pamoja ungesoma kimoja ukalala.

Lugha, bando na maktaba

Watu hudhani vyanzo vya msingi ni ghali. Kwa historia ya kale ni kinyume. Tafsiri za zamani zimeshatoka kwenye hakimiliki, zinapakuliwa bure. Gharama ni bando na kutoa kopi steshenari. Ghali ni vitabu vipya vya wanahistoria, ambavyo ndivyo hasa unavyovihitaji kurekebisha tafsiri hizo za zamani. Juzuu za UNESCO zinakuokoa hapo kwa kuwa zinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Faili ni zito, lishushe usiku.

Lugha inabana pande zote. Chanzo ni cha Kigiriki au Kiarabu, tafsiri ni ya Kiingereza, na kitabu cha upili nacho ni cha Kiingereza. Nilichokiona kwa wanafunzi ni kwamba Kiingereza cha Periplus ni rahisi kuliko cha wanahistoria. Sentensi ni fupi, vitu vinashikika: mkuki, pembe, kisiwa, siku mbili. Anayekwama kwenye utangulizi wa kitabu cha chuo mara nyingi anaimaliza sura ya 16 bila kamusi. Kwa watu wenye Kiarabu cha madrasa, Ibn Battuta kwa Kiarabu chake, wakisaidiwa kidogo, ni mlango ambao wengi wetu hatuna.

Ukitaka maandishi ya pwani yote mahali pamoja, ulizia mkusanyo wa Freeman-Grenville wa mwaka 1962, unaoanzia karne ya kwanza na kuishia karne ya 19. Mahali pa kuulizia kwanza ni mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Mlimani, kisha Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi. Usijisumbue kwenda Nyaraka za Taifa kwa ajili ya mambo haya. Mafaili yao yanaanza na serikali ya Kijerumani, Rhapta haimo.

Na visivyosomwa

Mtu wa Dar ana bahati moja ambayo mwenye intaneti kali kwingineko hana. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ndiyo yenye fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana na Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Kunduchi kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kaure ya China. Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna misikiti na makaburi ya zamani zaidi.

Vitu hivi vinahitaji kitabu kuliko maandishi yanavyokihitaji, kwa sababu havisemi. Nenda Kunduchi bila kusoma chochote na utaona nguzo zenye mashimo ya duara. Nenda ukiwa umesoma na utajua kwamba mashimo hayo ndimo mabakuli yalimokaa, kwamba makaburi mengi pale ni ya karne ya 18, na kwamba kaure hiyo ilikuwa njia ya familia kutangaza inafahamiana na bahari. Fuvu ndiyo usiseme. Kwa nini Zinj hahesabiwi kuwa babu yetu wa moja kwa moja ni jambo la upili mwanzo hadi mwisho.

Nani achukue kipi

Mwenye mtihani wa NECTA miezi michache ijayo: vyanzo vya upili, bila aibu. Mtihani unauliza sababu na matokeo kwa mpangilio, na Ibn Battuta hana mpangilio. Chukua tu mifano miwili mitatu ya msingi uipambe insha, zile sheria za Hammurabi za 198 na 199 kwa mfano, na msahihishaji ataona hujakariri pamfleti.

Mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada: vya msingi kwanza, ila tafsiri mbili za kifungu kilekile, uziweke ubavuni kwa ubavu. Zinapotofautiana ndipo mada yako ilipo.

Anayesoma kwa hamu yake mwenyewe na hana haraka: sura ya 15 hadi ya 18 za Periplus, kisha Sheriff, Ibn Battuta wa Kilwa, kisha chochote kilichoandikwa baada ya 2023 juu ya Shirazi. Babeli na Misri ziache mpaka upate kitabu kimoja cha jumla unachokiamini.

Mwalimu wa sekondari ana kazi nyepesi kuliko anavyodhani. Kopi ya kile kisa cha fakiri, karatasi moja kwa wanafunzi wawili, na swali moja: nani katika kisa hiki hajatajwa jina? Kipindi kitajiendesha.

Na aliyekwisha kuimaliza pwani asirukie Roma. Aende Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea ya leo, ambako vyanzo si vichache kama vya Rhapta wala si vingi kama vya Babeli, kwa hiyo msingi na upili vinaweza kusomwa sambamba. Adulis ile iliyotushinda kwa pembe nzuri ilikuwa bandari yake. Periplus anamtaja mtawala wa sehemu hizo, Zoskales, mtu bahili aliyejua Kigiriki. Karne ya nne mfalme Ezana akachonga habari za vita vyake kwenye jiwe kwa Kigiriki, Kisaba na Ge'ez. Juzuu la pili lilelile la UNESCO lina sura kuhusu Aksum, na kama ulishalishusha kwa ajili ya Azania huna haja ya kuongeza bando.